Kumjua Mwenzetu wa Chama cha Kusema

Watu wengi hudhani ya kuwa njia fupi ya kumjua mtu ni kumsikia akisema. Mtu mwenye maneno mengi twamhesabu kuwa tumekwisha kumjua, na mtu mkimya twasema ni fumbo. Sisi tunaoandika habari hizi ni mwalimu wa shule hapa Kalangalala, katika mji wa Geita, na kwa miaka kadhaa sasa tumo katika chama kidogo cha watu wanaojifunza kusema mbele ya watu. Huko tumesikia hotuba nyingi, ndefu na fupi, nzuri na mbaya; nasi tumeona ya kuwa mtu aweza kuwahutubia wenzake mwaka mzima, wakampigia makofi kila mara, na bado wasijue ni nani. Basi leo twapenda kuwaeleza habari za mwenzetu mmoja wa chama hicho, jinsi tulivyopata kumjua, na jambo tulilojifunza kwake. Jina lake hatutalitaja, kwani mwenyewe hapendi jina lake litembee njiani bila yeye. Sisi twamwita Fundi, na hapa pia tutamwita hivyo.

Kwanza yafaa msomaji aliye mbali ajue mahali penyewe. Geita ni nchi ya dhahabu. Wadachi waliiona dhahabu hapa mwaka 1898. Mgodi mkubwa wa zamani ulifanya kazi tangu mwaka 1936 hata mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000. Mwaka 2012 Geita ilifanywa kuwa mkoa, na mwaka 2019 likafunguliwa soko la madini. Kalangalala ni kata mojawapo ya mji huo. Lakini si kila atafutaye dhahabu hufanya kazi katika mgodi mkubwa. Wako wachimbaji wadogo kwa maelfu, ambao huchimba mashimo yao wenyewe, wayaitayo maduara, wakashuka kwa kamba na tochi kichwani, wakapandisha mawe katika viroba, na kuyapeleka kwenye karasha yakasagwe. Asubuhi mjini petu hutawasikia jogoo tu. Utasikia na makarasha.

Chama chetu hukutana Jumamosi saa kumi jioni katika chumba cha darasa. Wamo walimu, mwuguzi mmoja ambaye sote twamwita Mama, fundi cherehani, mwenye duka la misumari na kamba, na vijana wawili watatu wanaotafuta kazi. Taratibu zetu hatukuzibuni sisi. Yuko Mmarekani mmoja, Ralph Smedley, aliyekuwa mfanyakazi wa chama cha vijana Wakristo kiitwacho YMCA. Mwaka 1905, katika mji wa Bloomington, jimbo la Illinois, aliona ya kuwa vijana waliokuja kwake walikuwa na akili njema, walakini hawakuweza kusimama mbele ya watu na kueleza wanalofikiri. Akawakusanya wafundishane wao kwa wao. Miaka ilipita, na tarehe 22 Oktoba, mwaka 1924, alianzisha chama cha namna hiyo katika chumba cha chini cha jengo la YMCA, mjini Santa Ana, jimbo la California. Hicho ndicho kilichozaa Toastmasters, ambacho leo kina matawi katika nchi zaidi ya 140. Sisi si tawi lake. Tumeazima taratibu zake tu, kama mtu aazimavyo jembe la jirani akalima shamba lake mwenyewe.

Wala msidhani ya kuwa kusema mbele ya watu ni jambo geni kwetu Usukumani. Tangu karne ya 19 viko vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo wakuu wao wa kwanza walikuwa Ngika na Gumha. Mpaka leo hushindana uwanjani, huku ngoma hii na huku ngoma ile, kwa nyimbo na maneno na vituko. Na hukumu yao ni rahisi: aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Watu wakimwacha mtunzi wakakimbilia upande wa pili, hana la kujitetea. Basi wazee wetu walijua zamani ya kuwa msemaji hupimwa kwa wasikilizaji wake.

Lakini katika taratibu tulizoazima limo jambo moja ambalo kwetu ni gumu kweli kweli. Hotuba ya kwanza ya kila mwanachama ni ya kujieleza yeye mwenyewe. Hupewa dakika 4 hadi 6. Mshika saa huinua kibao cha kijani dakika ya 4, cha manjano dakika ya 5, na chekundu dakika ya 6. Msemaji akiisha kuketi, mwenzake mmoja, tumwitaye mpimaji, husimama kwa dakika 2 au 3 akaeleza yaliyokuwa mema katika hotuba ile na yanayotaka kutengenezwa.

Kwetu sisi mtu hajielezi; huelezwa. Mgeni akifika nyumbani, mwenyeji wake ndiye amtajaye, huyu ni mtoto wa fulani, wa ukoo fulani, na mgeni mwenyewe hukaa kimya kwa adabu. Anayejitaja sana huhesabiwa kuwa ana majivuno. Ndiyo sababu wenzetu wengi, wakifika katika hotuba ile, hujificha nyuma ya vitu. Mmoja alitueleza shahada zake zote kwa mfuatano wa miaka. Mwingine alitusimulia safari ya Mwanza, na feri, na bei ya samaki, hata kibao chekundu kikainuliwa wala hatujasikia neno moja juu yake. Tulicheka, tukapiga makofi, tukarudi makwetu.

Fundi alijiunga nasi mwezi wa Februari, mwaka 2022. Alikuwa mtu wa miaka hamsini au zaidi kidogo, mrefu, mwenye makovu mikononi, naye akaketi karibu na mlango. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Mwenyekiti alipomwambia ya kuwa Jumamosi ijayo itakuwa zamu yake ya kujieleza, akasema, “Nipeni saa kwanza.” Wengine walidhani ataka apewe nafasi ya kufikiri. Kumbe alikuwa ametaka saa yenyewe. Akaomba awe mshika saa, akawa mshika saa kwa muda wa miezi mitano.

Katika miezi hiyo tulianza kumtazama, kwa maana hatukupata kuona mshika saa wa namna ile. Wengine huitazama saa tu, ama huisahau wakisikia habari tamu. Yeye hakukosa hata mara moja. Tena alikuwa na desturi ya ajabu: msemaji alipokuwa akisema, Fundi alitazama juu, kwenye mabati na boriti za darasa, kana kwamba sauti ilitoka huko. Mwenye duka alimnong’oneza jirani yake ya kuwa mzee yule asinzia macho wazi. Lakini kibao kilipanda wakati wake uleule.

Baadaye alikubali kuwa mpimaji wa wengine, ingawa hotuba yake mwenyewe alikuwa hajaitoa. Upimaji wake ulikuwa mfupi kuliko wa wote. Kijana mmoja alihutubia juu ya kuweka akiba, kwa maneno mazuri sana yaliyopangwa kama shanga. Fundi akasimama, akasema, “Mwanangu, sauti yako ni njema. Lakini jambo lenyewe umelitia mwisho. Kama ungalikuwa waniambia nitoke mahali, ningalikuwa nimekwisha kufa.” Watu wakacheka. Yeye hakucheka, wala kijana hakukasirika, kwa kuwa maneno yale hayakuwa na dharau ndani yake. Jumamosi iliyofuata yule kijana alianza hotuba yake kwa jambo lenyewe.

Siku nyingine mwalimu mwenzetu alitusimulia habari za Demosthenes wa Athens, msemaji mashuhuri wa Wayunani, ambaye husimuliwa ya kuwa alitia vijiwe kinywani akajizoeza kusema hata ulimi wake ukanyoka. Wakati wa kuagana Fundi akamwambia, “Yule bwana alitia mawe kinywani apate kusema. Mimi mawe yangu yako juu ya kichwa, na kazi yangu ni kunyamaza niyasikie.” Hapo ndipo tulipofahamu ya kuwa mtu huyu ana habari, wala si ya kuulizwa njiani.

Sisi na yeye njia yetu ya kurudi ni moja mpaka karibu na nyumba yake. Basi tukawa twafuatana. Jumamosi za kwanza tulizungumza habari za mvua na bei ya mahindi. Siku moja tulimwomba atusaidie kutengeneza madawati mawili ya darasa yaliyovunjika miguu, akaja na randa yake, nasi tukamshikia mbao. Kazi ya mikono hufungua kinywa kuliko maswali. Alipokuwa akipiga msumari alitueleza kazi yake ya kila siku: yeye ni fundi wa matimba, yaani miti inayosimamishwa ndani ya duara ili kuzuia kuta na dari zisianguke.

Alitufundisha kama mwalimu hasa. Alisema ya kuwa mti wa kufaa hauwi mkavu mno wala mbichi mno. Ya kuwa nguzo sharti ikae imara chini na juu, maana nguzo isiyoshika juu ni pambo. Na ya kuwa maji ya masika huingia katika nyufa za mwamba, yakalegeza lililokuwa gumu jana. Kisha akasema neno ambalo hatujalisahau: “Mwalimu, chuma ni kigumu kuliko mti, lakini chuma hakisemi. Mti ukilemewa hulia kwanza. Ka, ka, ka. Ukiujua mlio huo unayo nafasi ya kutoka. Fundi wa matimba kazi yake ya kwanza si nyundo, ni sikio.” Ndipo tulipojua kwa nini hutazama dari. Mtu aliyekaa miaka ishirini akitafuta hatari juu ya kichwa chake, akikaza masikio, macho hupanda yenyewe.

Ilipita miezi miwili kabla ya kutueleza lililobaki. Twaliandika hapa kwa ruhusa yake. Katika masika ya mwaka 2020 alikuwa fundi wa duara moja nje ya mji. Usiku aliposhuka kukagua, alisikia mti wa tatu ukilia. Akapanda, akaenda kwa mwenye duara, akamkuta amezungukwa na watu, wanagawana viroba vya mawe, na karasha languruma kando. Akasema, “Mti wa tatu unalia.” Mwenye duara akajibu bila kuinua uso, “Utaubadili kesho.” Fundi akanyamaza. Alikuwa mtu mdogo mbele ya mtu mkubwa, na kwa desturi zetu mdogo akikariri neno mbele ya mkubwa aliyekwisha kujibu, huonekana mkosefu wa adabu. Alfajiri ukuta ulianguka. Watu wawili walikufa, na mmoja wao alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, kijana aliyemleta yeye mwenyewe kutoka kijijini apate riziki.

Akatuambia, “Mti ulisema, nami nilisikia. Mimi niliposema, hapakuwa na aliyesikia. Basi nikasema moyoni, nitakwenda mahali watu wanapojifunza kusikiwa.”

Wasomaji, sisi tunaokaa nchi ya machimbo twajua ya kuwa habari hiyo si ya mtu mmoja. Mwaka 2015, huko Nyangalata, wilaya ya Kahama, mkoa wa Shinyanga, wachimbaji sita walifukiwa na udongo. Watano waliokolewa wakiwa hai baada ya siku 41, na wa sita alifariki humo ndani. Gazeti hupata habari mtu akitoka hai baada ya siku 41. Lakini yule aliyesema kabla ya kuanguka, akasikiwa ama asisikiwe, habari zake hazifiki gazetini. Ni nani aandikaye ya kuwa leo watu kumi na mmoja hawakufa?

Mwezi wa Agosti, mwaka 2022, Fundi alikubali kutoa hotuba yake ya kwanza, na mwenyekiti akatuweka sisi kuwa mpimaji. Chumba kilijaa. Akasimama, akatazama dari kidogo, akaanza kwa jambo lenyewe, kama alivyomfundisha yule kijana. Hakusema amezaliwa wapi wala mwaka gani. Alieleza jinsi mti unavyobeba mwamba, jinsi unavyolia, na jinsi mtu anavyoweza kuuelewa mlio wake akikaa nao muda mrefu. Habari za mpwa wake hakuzitaja hata kwa fumbo. Kibao cha kijani kilipoinuliwa akasema, “Hayo ndiyo niyajuayo,” akaketi. Wenzetu walipiga makofi kwa heshima. Mwenye duka alinong’ona ya kuwa hotuba ilikuwa nzuri, ila mzee amesahau kujieleza.

Kwetu sisi hapakuwa na hotuba iliyomweleza mtu kuliko hiyo. Lakini kazi ya mpimaji si kusifu tu, na tulijua ya kuwa mtu huyu hakuja kutafuta makofi. Tukasimama tukamwambia mbele ya wote mambo mawili. La kwanza, maneno yake yalikuwa machache na kila moja lilisimama mahali pake, na tulitamani wanafunzi wetu waandike hivyo. La pili tukasema, “Fundi, sauti yako yafika safu ya tatu, nasi tuko safu sita. Na macho yako yako juu. Hatari iko juu, hilo ni kweli. Lakini wa kuokolewa wako chini, mbele yako. Watazame wao.”

Darasa lilinyamaza, kwani neno hilo ni zito kumwambia mtu aliyekuzidi umri. Yeye akainamisha kichwa mara moja, kama mtu apokeaye deni lake. Tulipokuwa njiani akasema, “Mwalimu, umenipa nilichokuja kuchukua.” Nasi hapo twahesabu ndipo urafiki wetu ulipoanza, maana mwenzako wa kweli ni yule mnayeweza kuambiana lililopungua, mkarudi kwa njia moja.

Tangu siku hiyo akawa akijizoeza. Jumamosi watu walipoondoka, alisimama ubaoni, nasi tukaketi safu ya sita, kisha nje ya dirisha, kisha chini ya mwembe ulio mwisho wa uwanja, tukainua mkono kila tulipomsikia vema. Tulimfundisha kuvuta pumzi kabla ya neno, si katikati ya neno. Mama mwuguzi alimfundisha jambo jingine ambalo sisi hatukulijua: ya kuwa wodini, akitaka watu wamsikie, hapazi sauti kwanza, bali hufunga mlango, ukelele ukakoma.

Masika ya mwaka 2023 yalipoanza, Fundi alikuwa na kazi katika duara jingine, lenye wachimbaji kumi na mmoja. Akatujia jioni akasema, “Mwalimu, kesho nina maneno na watu wangu. Njoo usimame nyuma kabisa. Ukinisikia, inua mkono.” Tukaenda. Watu walikuwa wameketi juu ya viroba, wengine wanakula, na karasha lalia kama kawaida. Yeye hakuanza. Alimwendea kijana wa karasha akamwomba alizime. Kijana akasitasita, kwa kuwa kila dakika ya karasha ni fedha, kisha akalizima. Kimya kikaingia pale ghafula, watu wote wakainua nyuso.

Ndipo akasema, “Miti mitano inalia. Asishuke mtu mpaka niibadili. Nataka siku tisa.” Akamtazama kila mmoja usoni, wote kumi na mmoja. Mmoja akauliza watakula nini siku tisa. Lilikuwa swali la haki, maana mchimbaji mdogo hana mshahara. Asiposhuka, hana kiroba, na asipokuwa na kiroba, watoto hawana unga. Fundi hakumkaripia. Akasema ya kuwa ujira wake wa siku zile tisa hautaki, ugawiwe wao. Kisha akarudia, “Miti mitano inalia. Asishuke mtu.” Wakabishana. Akarudia mara ya tatu, maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Sisi tulikuwa tumesimama nyuma ya rundo la mawe, na mkono wetu ulikuwa juu tangu mara ya kwanza.

Saba walikubali. Wanne walichukua nyundo zao wakaenda kutafuta kazi katika duara jingine, na mmoja wao aliondoka akisema ya kuwa uzee umemwingiza fundi woga. Siku tisa zikapita, miti mitano ikabadilishwa, watu wakashuka. Duara halikuanguka, wala lile walilokwenda wale wanne halikuanguka. Hapakuwa na jambo la kuonyesha ya kuwa alikuwa amesema kweli, na mpaka leo wako wasemao ya kuwa zile siku tisa zilipotea bure. Tulipomwuliza kama maneno hayo yamchoma, akajibu, “Na ziwe bure. Naomba ziwe bure kila mwaka.”

Nasi tumefikiri sana habari hizi, tukaona neno moja la kuwapa wasomaji wetu, hasa wale walio katika vyama, kwaya, mabaraza, na mikutano ya vijiji. Kila mtu anayesimama kusema mbele ya watu anaye msikilizaji mmoja ambaye kwa kweli ndiye anayesema naye, ijapokuwa msikilizaji huyo hayumo chumbani. Mwingine husema na baba aliyemwita mjinga utotoni. Mwingine husema na wenzake waliomtangulia kupata cheo. Fundi alikuwa akisema na mtu mmoja aliyekuwa akihesabu viroba bila kuinua uso, na nyuma ya mtu huyo alikuwako kijana mmoja aliyelala chini akingojea alfajiri. Ukisikia hotuba tu, umesikia maneno. Ukimjua yule msikilizaji, umemjua msemaji.

Lakini msikilizaji huyo hapatikani kwa kuuliza maswali mengi. Katika chama chetu tulikuwa na desturi ya kumsonga mwanachama mpya ajieleze upesi. Sasa tumekubaliana ya kuwa kila mgeni apewe kwanza kazi ya mikono, ashike saa, apange viti, ama aandike majina, na hotuba ya kujieleza aitoe siku atakayoona mwenyewe. Tumeona faida yake. Msichana mmoja aliyepanga viti miezi mitatu alipokuja kusimama, hakutusimulia safari wala shahada.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na mwenzako katika chama chochote, na waona ya kuwa hamjajuana ingawa mmeketi pamoja siku nyingi, usimwulize kwanza ametoka wapi. Mshikie mbao anapopiga msumari. Fuatana naye njia anayorudi. Akikosea katika kazi ya chama, mwambie mbele yake, wala usiliweke neno hilo la kuwaambia wengine. Naye akikuambia lako, lipokee. Wahenga walisema, ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Sisi twaongeza ya kuwa wako waungwana ambao kitendo chao kikubwa ni neno moja, lililosemwa kwa wakati wake, kwa sauti ya kufika, mbele ya watu wasiopenda kulisikia.

Fundi bado ni mwanachama wetu. Hotuba zake hazijawa ndefu. Kibao cha manjano hajakifikia bado, wala hatudhani ya kuwa atakifikia.